Maji ya Siku ya Kimya

Wayan Darsana alipoanguka kutoka mnazini na kuvunjika nyonga, kijiji kizima kilimwonea huruma. Watu walileta wali, wakaleta matunda, wakakaa barazani kusimulia habari za watu wengine waliowahi kuanguka. Huruma hiyo ilidumu kama zinavyodumu huruma nyingi, yaani mpaka msimu wa kulima ulipoingia. Hapo kila mtu akakumbuka shamba lake, na Darsana akabaki kitandani na dari yake.

Shamba alilolima halikuwa lake. Lilikuwa la bwana mmoja aliyehamia mjini Denpasar, na mavuno waligawana nusu kwa nusu. Mpunga haujui kuwa mkulima ni mgonjwa. Udongo ukikauka, ubao wa lango la mfereji lazima uinuliwe; shamba likijaa, lazima ushushwe, na wa kuuinua na kuushusha ni mtu mwenye miguu. Mkewe, Nengah Murtini, alisafisha vyumba katika nyumba ya wageni upande wa pwani, akitoka asubuhi na kurudi alasiri. Mama mkwe alikuwa na miguu lakini macho yalikuwa yamemtupa. Watoto hawakuwa nao.

Basi wakamwomba jirani. Ketut Landep alilima kipande kilicho chini ya chao, tuta moja tu likiwatenganisha.

"Ah, hilo nalo la kuombwa, Mbok?" Landep alimjibu Murtini, akitumia jina la heshima la wanawake. "Si napita hapo hapo kila siku?"

Na kweli alifanya. Ila siku zilivyokwenda alianza kuwasimanga kwa ile kazi. Alisema kwenye kibanda cha kahawa kwamba yeye sasa analima mashamba mawili na kula la moja. Akipita mbele ya nyumba yao alimwita Darsana Bli, jina la heshima la wanaume, akipaza sauti, "Bli Wayan bado kalala? Raha iliyoje!" Darsana alicheka kwa nguvu kutoka ndani, ili isikike nje kwamba ameupokea utani, halafu akageukia ukutani. Murtini alimwona anavyogeuka, akaumia kuliko alivyoumia siku ya mnazi.

Haukupita muda mrefu, salamu zikafika kutoka Denpasar. Mwenye shamba alisema hana ugomvi na mtu, lakini kama familia ya Darsana haiwezi tena kulihudumia, shamba apewe anayeweza. Hakumtaja Landep. Hakukuwa na haja ya kumtaja.

"Nimesikia unataka shamba letu, Bli Tut," Murtini alimwambia Ketut Landep walipokutana mferejini. Alitabasamu alipokuwa akisema, maana huko mambo mazito husemwa kwa tabasamu.

"Nani kasema nataka?" Landep naye alitabasamu. "Nina watoto wanne na kipande kinachotosha wawili. Nikipewa, nitakataa?"

Murtini alijua watoto wa Landep ni wanne kweli, na mkubwa ameacha shule.

*

Masomo ya kompyuta yalitolewa bure kila Jumapili kwenye ukumbi wa kijiji. Yaliletwa kwa ajili ya vijana. Vijana walikuja, wakaona hakuna michezo, wakaondoka. Waliobaki walikuwa kina mama wachache, na mzee mmoja mstaafu wa posta aliyekuja kwa ajili ya chai. Murtini alikuwa mmoja wa hao kina mama. Alianza kwenda kwa sababu Jumapili nyumba yao ilikuwa nzito mno.

Mwalimu aliitwa Dayu Pradnya, binti wa ukoo wa makuhani. Alikuwa mdogo kiasi cha kuwa binti yao, lakini wote walimwinamia kidogo kabla ya kumuuliza swali.

"Mashine haina akili," alisema Jumapili moja. "Ina utii tu. Leo tutaifundisha kuamua." Akaandika ubaoni: *kama mvua inanyesha, fungua mwavuli, la sivyo, funga mwavuli.*

Murtini akainua mkono. "Samahani, Dayu. Mvua ikikatika, nani anahitaji kuambiwa afunge mwavuli? Si anaona mwenyewe?"

"Mtu anaona, Mbok, anafunga. Mashine nayo inaona, lakini kuona hakuipeleki popote. Unaweza kuacha kuandika hiyo *la sivyo*, programu itakubali, haitakulaumu. Ila mwavuli utabaki wazi mpaka kesho."

"Mume wangu kabisa huyo," alisema mama mmoja nyuma. "Ukimwambia fungulia bomba, anafungulia. Hukumwambia funga, basi tunaogelea wote."

Wakacheka, na Murtini akacheka pamoja nao. Alirudi nyumbani akiamini kwamba ameelewa. Alichokuwa ameelewa ni ile sehemu ya kwanza, sehemu ya *kama*, na hiyo ilimwingia kichwani na kukataa kutoka. Kama udongo umekauka, inua ubao. Akiwa anatandika vitanda vya wageni alijikuta akisema hivyo kimoyomoyo, shuka baada ya shuka.

Dayu alimpa vifaa kutoka kwenye sanduku la darasa: kijiti cha kuchomeka udongoni, kinachojua ukavu na umajimaji, mota ndogo, betri na kipande cha kioo cha kunasa jua. Fundi baiskeli akamfungia mota kwenye lango. Mstari wake wa kwanza wa programu ulimchosha vibaya sana. Kila alipousahihisha ulikataa kwa sababu nyingine, na siku ulipokubali, ubao ulipojiinua peke yake na maji kuingia shambani, Murtini alikaa chini kwenye tope na kucheka peke yake. Mstari wa pili, wa kushusha ubao, aliuweka kiporo, akiamini kwamba udongo ukishalowa mashine itajua yenyewe. Kwa muda Dayu alimwekea kitufe kwenye simu. Akikibonyeza, popote alipo penye mtandao, ubao unashuka.

Kabla ya hapo lakini ilibidi aombe ruhusa, maana mfereji ni wa subak, chama cha wote wanaotumia maji yale. Pekaseh, mkuu wao, alikuwa Nyoman Warsa, mtu asiyependa kusema neno ambalo angeweza kulimeza.

"Weka," alimwambia mbele ya wakulima wote. "Lakini mashine hiyo ikimharibia mtu, inatoka. Na nitamwambia mwenye shamba ampe Landep. Umekubali?"

"Nimekubali, Pak."

Landep alikuwa anachezea kiberiti. Hakuinua macho.

Ikawa hivyo. Udongo ukikauka, ubao ulijiinua, na simu ya Murtini ikatikisika mfukoni huko pwani kati ya ndoo na ufagio. Naye akikadiria kwamba shamba limeshiba, akabonyeza. "Inajiendesha yenyewe," aliwaambia watu kwa fahari, na alisema kweli kwa kadiri alivyojua. Nusu ya kazi iliifanya mashine, nusu aliifanya kwa kidole gumba, na hakuwahi kusubiri aone ingekuwaje asipobonyeza. Darsana alianza tena kuketi barazani. Landep alipopita alimwambia, "Bli Tut, siku hizi unalima moja tu, pole," na safari hii cheko lake lilikuwa la kweli.

*

Mkesha wa Siku ya Kimya, siku takatifu ya dini yao, kijiji kilipiga kelele kama ilivyo desturi. Masanamu makubwa yalibebwa, masufuria yakagongwa, mapepo yakafukuzwa. Kulipokucha, kimya kikaanza. Hakuna moto, hakuna kazi, hakuna kutoka nje, hakuna starehe. Mtandao wa simu huzimwa kisiwa kizima siku hiyo. Kila mwaka Murtini alishukuru kwamba kuna siku moja ambayo msimamizi wake hawezi kumtumia ujumbe. Barabarani hupita walinzi wa kijiji peke yao, wamevaa vitambaa vya mirabaraba, wakihakikisha kila mtu yuko kwake.

Jua lilipanda likawa kali. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka, amefunga, midomo ikitembea na sala. Darsana alilala chali. Hata mbwa walikuwa wameelewa.

Ndipo Murtini aliposikia maji.

Siku nyingine asingeyasikia, pikipiki zingeyameza. Leo aliyasikia vizuri, yakimwagika kwa mfululizo kule nyuma. Mwanzoni alifurahi. Udongo umekauka, akawaza, ubao umeinuka, kazi nzuri. Akasubiri yakome. Jua lilisogea kwenye sakafu, likaufikia mkeka wa mama mkwe, na maji yalikuwa bado yanamwagika. Kisha mlio ukabadilika. Sasa yalikuwa yanaporomoka kutoka juu kwenda chini, kupita juu ya tuta.

Chini ya tuta kulikuwa na kitalu cha Landep. Alikuwa amesia mbegu humo majuzi tu, na miche ilikuwa haijashika udongo.

Alichukua simu akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Simu ilimwambia kwamba hakuna mtandao, jambo ambalo alilijua tangu jana na miaka yote.

"Mwavuli," alisema.

"Nini?" Darsana alinong'ona.

"Sikuiambia ifunge, Bli. Niliiambia ifungue tu." Aliiweka simu chini. "Inaona maji yamejaa. Inaona, na itaendelea kuona mpaka jioni."

Darsana alijaribu kuinuka. Alifika nusu, jasho likamtoka, akarudi chini. "Nitambae," alisema.

"Utambae mpaka wapi?"

"Basi tukae. Kutoka leo ni aibu ya ukoo, Nengah. Watatutoza, watatusema. Na shamba limeshakwenda hata hivyo."

Shamba limeshakwenda. Murtini alifikiria mbegu zinavyoelea sasa hivi, moja moja, zikitoka kwenye kitalu na kwenda mtaroni. Mbegu za watu sita. Akasimama.

Mama mkwe aliacha kusali. "Unakwenda wapi?"

"Nje, Meme."

"Mimi sisemi uongo siku kama ya leo. Wakiniuliza kama nilikuona unatoka, nitasema nilikuona." Kisha, kwa shida, akiegemea mkono mmoja, alijizungusha pale mkekani mpaka uso wake usioona vizuri ukaelekea ukuta. "Lile limashine lenu nililichukia tangu siku ya kwanza," aliuambia ukuta.

*

Murtini alipita nyuma ya zizi la nguruwe, ameinama. Alipofika kwenye mfereji alimkuta mtu.

Ketut Landep alikuwa ameketi kwenye ukingo, kitambaa cha mirabaraba kiunoni, fimbo ya ulinzi juu ya magoti. Mwaka huo zamu ilimwangukia yeye. Mbele yake maji yalipita juu ya tuta kwa ulaini, yakaingia kwenye kitalu chake. Nusu ya kitalu ilikuwa imegeuka bwawa la kahawia.

"Rudi ndani, Mbok," alisema kwa sauti ya chini.

"Maji yanaingia kwako."

"Nayaona."

"Toka saa ngapi?"

Landep alielekeza fimbo mbinguni, mahali pa chini palipokuwa na jua asubuhi. "Toka lilipokuwa pale."

Murtini alilitazama lango. Lilikuwa hatua chache kutoka alipoketi. Ubao ungeshuka kwa kusukumwa na goti.

"Na hukufunga?"

"Leo mkono haufanyi kazi." Alisema taratibu, kama mtu aliyekuwa amejisomea jibu hilo asubuhi nzima. "Mimi ni mlinzi. Nikifanya kazi mimi, nani atamzuia mwingine?"

Hapo Murtini akaelewa. Mbegu hununuliwa tena. Shamba halinunuliki. Alitaka kumchukia, na akamchukia, kwa moyo wote, lakini aliona pia kwamba macho ya Landep yalikuwa mekundu, na kwamba kila kishada cha mbegu kilichokatika na kwenda, shingo yake ilikisindikiza.

Aliingia majini. Alichomoa pini ya mota, akaukanyaga ubao kwa miguu miwili. Msumari ulimchana kiganja. Mlio wa maji ukafifia, ukakoma, na kimya cha siku ile kikarudi mahali pake.

"Nitalazimika kusema nimekuona," Landep alisema.

"Sema."

*

Wakulima walikutana kwenye banda la subak baada ya hapo. Murtini alikuwa mwanamke peke yake. Hakulala vizuri, akipanga atakayosema, na aliamua kwamba habari ya Landep kuketi pale hataitaja. Nani angemwamini? Na hata wakimwamini, wataishi vipi kwenye mfereji mmoja, tuta moja, mpaka kufa? Darsana aliletwa kwa kiti, akabebwa na wanaume wawili kama sanamu la mkesha, na kuna mtu alicheka.

Landep alitoa taarifa yake wima. Alimkuta Nengah Murtini nje, Siku ya Kimya, amelishika lango. Kitalu chake kimeharibika. Akakaa.

"Ni kweli?" Pekaseh aliuliza.

"Ni kweli, Pak."

"Mashine ilikuwa mbovu?"

"Haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyekosea." Aliwageukia wakulima. "Niliiandikia kwamba udongo ukikauka, iinue ubao. Ikainua. Sikuiandikia kwamba usipokuwa mkavu, ishushe. Nilidhani hilo halihitaji kusemwa. Kumbe mashine haiko hivyo. Ilikuwa pale pale, ina kijiti kwenye maji, inajua kabisa kwamba yamezidi. Inaona mbegu za mtu zinakwenda. Lango liko mbele yake. Na haifanyi kitu, kwa sababu hakuna aliyeiambia. Inakaa tu inatazama..."

Alikuwa amesikia anachokisema, akiwa ameshakisema. Alikaza macho kwenye kiganja chake kilichofungwa kitambaa, asije akamtazama mtu yeyote.

Pekaseh alianza kukunja mdomo ili atoe hukumu, na kila mtu aliijua hukumu yenyewe, maana ilitolewa zamani na Murtini mwenyewe alikuwa ameikubali.

"Subiri, Pak," Landep alisema.

Hakusimama safari hii. Aliinamia magoti yake.

"Mimi nilikuwepo. Toka asubuhi. Niliketi hapo langoni nikayaangalia yakiingia." Alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake. "Nilisema ni dini. Haikuwa dini. Nilitaka shamba. Mashine yake haikuambiwa. Mimi sikuhitaji kuambiwa."

Hakuna aliyejua la kufanya na maneno kama hayo. Huko mtu hajivui nguo mbele ya watu. Mzee mmoja alianza kukohoa ili kuisaidia hali, akakohoa mpaka ikawa ni kukohoa kweli. Darsana, juu ya kiti chake, alikuwa analia bila kujificha.

Pekaseh akasema, na kwake yeye ilikuwa hotuba. Murtini atatoa mchele na sadaka ya kuomba radhi hekaluni, maana kutoka ni kutoka. Landep atavua kitambaa cha ulinzi. Mashine itoke, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana. Miche ya Darsana, iliyosiwa mapema na kushika udongo, igawanywe nusu kwa nusu na Landep, na kila mmoja apande pungufu. Kwa mwenye shamba Denpasar haitapelekwa habari yoyote.

"Na lango?" mtu aliuliza. "Nani atalifunga?"

Pekaseh alimtazama Landep. Landep akaitikia kwa kichwa.

*

Mwaka ule nyumba zote mbili zilivuna kidogo na kula kidogo. Murtini aliongeza vyumba vya kusafisha. Landep alifungua na kufunga, na alipopita mbele ya baraza hakutania. Alisema, "Maji tayari, Bli," na Darsana akajibu, "Asante, Tut," na wote wawili waliona aibu kila siku, lakini kila siku walisema.

Murtini alirudi darasani Jumapili moja na vifaa vyote ndani ya mfuko wa plastiki, vimesafishwa tope. Dayu Pradnya alikuwa amesikia. Alimfungulia kompyuta, ukaonekana ule mstari wa kwanza, peke yake.

"Umalizie, Mbok," alisema. "Hata kama ni kwa ajili ya kuujua tu."

Murtini aliandika polepole, kwa kidole kimoja: la sivyo, shusha ubao. Mashine ilikubali palepale, bila ubishi wowote. Aliutazama mstari ule, mfupi kiasi kile, ambao angeweza kuuandika wakati maji ya chai yakichemka, na machozi yakamshuka juu ya vibonyezo. Mzee wa posta alijifanya anatafuta sukari.

"Sasa iko sawa," Dayu alisema baada ya muda. "Nikiongea na Pekaseh, huenda akakuruhusu uirudishe langoni."

Murtini alijipangusa kwa mkono wenye kovu, akausogeza ule mfuko wa vifaa upande wa mwalimu.

"Wape wengine wajifunzie, Dayu," alisema. "Langoni kuna mtu."